Usikunje Uso Mbele ya Kabeji

Wenzangu mnaobaki kazini, mliniomba niandike mambo machache kabla sijasahau, na nimekubali kwa sababu kuku wa mke wangu Nyambura wamenichoka. Tangu nistaafu nimekuwa nikisimama uani kila asubuhi nikiwatazama, na mke wangu ameniambia kwamba kuku hawatagi wakitazamwa. Kwa hivyo nimekaa mezani na kalamu. Sitawaeleza nilipanda cheo lini wala mshahara ulikuwaje. Hayo mnayajua wenyewe, na hayamfundishi mtu chochote.

Kazi yetu ni bei. Watu wakisikia kwenye redio kwamba gharama ya maisha imepanda, hudhani kuna mashine kubwa mahali fulani Nairobi inayopima maisha. Hakuna mashine. Kuna mtu amevaa gambuti, anazunguka soko la Nyeri, la Kerugoya na la Nanyuki akiuliza kitunguu ni pesa ngapi. Kwa miaka mingi mtu huyo nilikuwa mimi. Unauliza vitu vilevile, kwa wauzaji walewale, mwezi baada ya mwezi: unga, mchele, sabuni, mshumaa, wembe, nyama, kabeji. Vyote kwa pamoja tunaviita kapu. Kapu likigharimu zaidi kuliko lilivyogharimu zamani, wakubwa wanasema kuna mfumuko wa bei, na mama aliye sokoni anasema serikali imetumaliza. Wanasema jambo moja.

Aliyenifundisha kazi ni Bwana Gichuki, mzee mfupi wa kofia ya sufu, ambaye wakati huo alikuwa karibu kustaafu na hakuwa na haraka na mtu. Siku yangu ya kwanza alinipeleka soko la Nyeri alfajiri, na kabla hatujaingia langoni akanieleza habari ya kufungua. Katika masoko yetu, mteja wa kwanza ndiye anayefungua biashara. Ndiyo maana asubuhi utasikia kila meza ikikuita, nifungulie, nifungulie. Ukinunua, siku ya yule mama itakuwa njema. Ukiuliza bei halafu uondoke mikono mitupu, atakaa pale mpaka jioni akiamini kwamba wewe ndiye uliyemfukuzia wateja. Sasa fikirieni hali ya mtu aliyeajiriwa na serikali kuuliza bei na kuondoka.

Dawa, alisema Gichuki, ni kununua kitu kidogo kila unaposimama. Basi nikawa nanunua. Wembe mmoja hapa, mshumaa mmoja pale, kitunguu kimoja, kabeji moja. Nyumbani kwetu Giakanja tulikuwa na kabati lililojaa mishumaa ilhali stima tulikuwa nayo. Siku stima ilipopotea, majirani hawakuwa wakitafuta tochi. Walikuwa wakimtafuta Nyambura.

Somo la pili lilikuwa gorogoro. Ninyi mnaijua, ule mkebe wa kilo mbili ambao mama wa maharagwe anapimia. Gichuki aliniambia nisiulize bei ya gorogoro kabla sijaingiza mkono ndani. Nikauliza kwa nini. Akanionyesha mkebe uliopigwa nyundo chini mpaka kitako kikaingia ndani. Kwa miezi mingi bei ya maharagwe haikuwa imepanda hata shilingi. Ni kitako kilichokuwa kikipanda. Tangu siku hiyo nilitembea na mizani ndogo ya kuning'iniza, na ninawashauri msiiache ofisini hata kama hizo tableti zenu zinajua kila kitu. Tableti haina mkono wa kuingiza kwenye mkebe.

Somo la tatu sikulielewa. Tulikuwa tumesimama kwa muuza sukari, akataja bei mpya, nami nikaiandika. Gichuki akanivuta kando.

"Kijana," akasema, "uko na uso mbaya ya hii kazi."

Nilidhani ananitukana. Akanituliza kwamba ulikuwa uso mzuri tu wa kanisani na wa arusi, lakini sokoni ulikuwa unasema mambo kabla yangu. Mtu akitaja bei, karani wa bei anaandika, na uso unabaki ulipokuwa. Mimi uso wangu niliurithi kwa mama. Mama akitajiwa bei ya kitu chochote, hata kama amekwisha kuamua kununua, nyusi zilikutana katikati, midomo ikaenda upande, mguno ukatoka puani, na ungefikiri ameuma limau. Nilimwahidi Gichuki kwamba nitajirekebisha, kisha nikasahau kama kijana anavyosahau.

Kabla sijafika kwenye balaa lenyewe, niwapitishe Nanyuki, maana huko ndiko nilikojifunza mambo ambayo vitabu huyachorea mistari inayopanda na kushuka. Mzee Hassan aliuza mbuzi. Kwake huwezi kuuliza bei kabla ya chai, na chai haimiminwi kabla ya habari za nyumbani, za wagonjwa na za malisho. Nilikuwa napoteza asubuhi nzima kwa bei ya mbuzi mmoja. Lakini nilimuuliza siku moja anajuaje kama uchumi ni mzuri, akasema yeye haangalii mbuzi, anaangalia wanunuzi. Uchumi ukiwa mzuri, mwanamume anakuja peke yake, ananyosha kidole, anaondoka na mbuzi. Ukianza kulegea, anakuja na ndugu yake. Ukizidi kulegea wanakuja wanaume wanne kwa mbuzi mmoja, na kila mmoja lazima amshike mgongo. Ukianguka kabisa, watu wanakuja kumsalimu Mzee Hassan tu, na wanawatazama mbuzi kama watu wanaoangalia picha.

Nilipeleka habari hiyo ofisini. Wakaniambia kwamba hakuna mahali pa kuiandika. Hata hivyo kipimo hicho hakikunidanganya hata mara moja. Mlima wetu una majira yake: bonasi ya majani chai ikitoka, wauza magodoro wanaamka, nyama inapanda, wanaume wanatembea wakiwa wamenyooka. Sikukuu zikipita na shule zikifunguliwa, wote wanapinda tena.

"Mwezi wa kumi kila mtu ni tajiri," Mzee Hassan aliniambia, "na Januari kila mtu ni mzazi."

Ofisini kulikuwa pia na wenzetu wa meza ya jirani waliohesabu pato la taifa, yaani vyote ambavyo nchi imezalisha kwa mwaka. Nilifanya ujinga wa kumweleza Nyambura kwamba chakula anachotupikia nyumbani hakiingii kwenye hesabu hiyo, lakini angekipika katika hoteli kingeingia. Akaniuliza, kwa hivyo hii chai haipo? Nikasema kitakwimu haipo. Akaichukua, kikombe na yote, akasema basi sitapungukiwa na kitu. Nilinywa maji wiki hiyo, na tangu hapo sikumletea mke wangu mambo ya pato la taifa.

Sasa balaa. Ulikuwa mwaka ambao mvua ilikataa. Nilikuwa bado kibarua, mkataba wangu ukitegemea neno zuri la wakubwa, na binti yetu Wanjiru hata meno hajaota. Bei zilipanda kila mahali. Kerugoya mchele wa Mwea ulipanda mpaka wauzaji wenyewe wakawa wanautaja kwa sauti ya chini. Nanyuki watu walimsalimu Mzee Hassan kwa wingi. Lakini soko la Nyeri, bei za meza zangu zilikaa palepale. Kabeji, nyanya, vitunguu, mwezi huu kama mwezi uliopita, na uliopita kama wa kabla yake.

Kabeji nilizichukua kwa Mama Njoki, aliyeuza karibu na lango. Alikuwa mwanamke wa sweta mbili na sauti ya kuita watu walio ng'ambo ya barabara. Mwaka huo alikuwa ameanza kuniuliza kama nimekula. Nami nilimjibu ukweli, kwamba bado, kwa kuwa nilikuwa natoka nyumbani mapema kabla ya chai. Alitikisa kichwa, akanitajia shilingi kumi na tano, nikaandika. Nilimshukuru Mungu kwamba angalau kitu kimoja hakijapanda.

Nairobi hawakumshukuru Mungu. Waliona mji mzima umelala huku nchi nzima inawaka, wakapiga simu. Katika kazi yetu kuna dhambi moja isiyosamehewa nayo ni kupika, yaani kukaa nyumbani ukinywa chai na kuandika bei kutoka kichwani. Anayepika anarudisha mizani siku hiyohiyo. Bosi wetu wa Nyeri aliniita akaniambia bila kuniangalia kwamba anakuja mkaguzi, Bwana Mutiso, na kwamba kama nina jamaa aliye na kazi ya kunipa, nianze kumsalimia. Nilirudi nyumbani, nikamtazama Wanjiru akinyonya kidole. Nilijua sikupika. Sikujua nitathibitishaje.

Mutiso alikuwa mrefu, mpole, amevaa suti na viatu vya kung'aa ambavyo soko la Nyeri lilivimaliza kabla hatujapita lango. Aliniagiza nifanye kazi kama siku zote, yeye atafuata nyuma, na nisimtambulishe kwa mtu. Basi tukaingia: mimi mbele na gambuti zangu, nyuma yangu mwanamume wa suti asiyesalimia mtu, anaandika kila ninachogusa. Nilikuja kuambiwa baadaye wale akina mama waliona nini. Waliona dalali. Waliona Karani, kama walivyoniita, amefilisika, na mtu amekuja kuorodhesha vyombo vyake.

Nikamuuliza Mama Njoki kabeji ni pesa ngapi. Alinitazama, akamtazama Mutiso, akatazama viatu vya Mutiso.

"Kumi," akasema.

Nchi nzima kabeji inapanda, na yangu inashuka mbele ya mkaguzi. Nikaenda kwa nyanya, zilikuwa zimeshuka. Nikaenda kwa vitunguu. Mama wa vitunguu aliniambia bei, kisha akaongeza kimoja juu na kuniombea kwa Kikuyu. Mutiso aliandika yote. Nilipogeuka nikaona amefunga kalamu na uso wake umebadilika. Mkaguzi ndani yake alikuwa ameondoka, amebaki baba mwenye nyumba kubwa na wageni wengi. Akamwita dereva, wakarudi kwa Mama Njoki, na kabeji zikaanza kuingia kwenye buti ya gari la serikali. Mama Njoki alipakia huku akijiumauma midomo, kwa kuwa alifikiri zinanunuliwa kwa ajili yangu.

Hapo ndipo aliposogea mama wa hoteli, anayepika karibu na stendi, akauliza bei ya kabeji. Akaambiwa arobaini. Yeye alikuwa amesimama pale muda wote na masikio anayo. Akasema amesikia kumi kwa masikio yake, na kama pesa yake ni ya karatasi nyingine aambiwe. Sauti zikapanda. Meza za jirani zikaacha kuuza ili kusikiliza vizuri.

"Hiyo kumi si bei," Mama Njoki akasema mwishowe. "Hiyo ni bei ya Karani."

Mutiso akaweka chini kabeji aliyokuwa ameshika, akauliza kwa upole bei ya Karani ni bei gani. Mama Njoki alijifunga kitambaa upya, kama mtu anayeingia mahakamani.

"Mkubwa," akasema, "kama umekuja kuchukua vitu vyake, wacha nikuambie ukweli. Huyu mtu ananunua wembe moja. Mshumaa moja. Kitunguu moja, na ako na bibi na mtoto. Kila mwezi hivyo. Na ukimwambia kitu imepanda, anakunja uso mpaka wewe unasikia uchungu kwa tumbo. Sasa sisi tulikaa chini, tukasema bei yake ikae tu hapo mpaka mvua irudi."

Mama wa nyanya akasema ni kweli. Mama wa vitunguu akasema ni kweli, tena hasara yenyewe haikuwa kubwa, kwa sababu walikuwa wakiifidia kwa mama wa hoteli. Mama wa hoteli aliposikia hayo alianza upya, na ilibidi tumngoje.

Mimi nilikuwa nimesimama katikati yao nikitamani gambuti zinimeze. Mwaka ule wa njaa, wanawake ambao watoto wao walikuwa wanarudishwa nyumbani kwa kukosa karo walikuwa wamekaa chini na kukubaliana kunilisha, bila kunieleza, ili nisione haya. Nilisikia machozi yakija. Na wakati huohuo nilielewa kwamba wema wao ulikuwa unanifukuzisha kazi, na kwamba Nairobi walikuwa wameandika kwamba watu wa Nyeri wanakula vizuri.

Mutiso alifikiri. Kisha akamwambia Mama Njoki jambo ambalo sikulitarajia. Alimwomba anitajie bei ya kweli, hapohapo, naye aone.

"Karani," Mama Njoki akasema kwa huruma, "kabeji ni arobaini."

Nilijitahidi. Mungu anajua nilijitahidi. Nyusi zilikutana, midomo ikaenda upande, na nikasikia sauti ya mama yangu marehemu ikitoka puani mwangu. Mutiso alinitazama kama daktari.

"Hata mimi ningepunguza," akasema.

Hivyo ndivyo nilivyopona. Mutiso alimwambia bosi wetu kwamba huyu hapiki, kwa kuwa anayepika hakai sokoni mpaka akaonewa huruma. Uso ulionitia matatani ndio ulionitetea. Lakini akaniambia pia, tukiwa wawili kando ya gari, kwamba uso huo ukirudi sokoni mwezi ujao ulivyo, mimi mwenyewe sitarudi. Tulipokuwa tunaagana Mama Njoki alikuja akagonga kioo cha gari. Alisema kwa heshima kwamba kabeji zilizo kwenye buti zimenunuliwa kwa bei ya Karani, na mkubwa si Karani. Mutiso alijaribu kumweleza kwamba kwa mujibu wa taaluma, bei ni ile ambayo mnunuzi na muuzaji wamekubaliana. Mama Njoki akasema taaluma iko sawa, aongeze thelathini kwa kila kabeji ama azishushe. Nikaona nyusi za mkaguzi zikikutana. Alizishusha, akabaki na mbili.

Mwezi ule nyumba yetu ilikuwa shule. Nyambura aliketi jikoni akimenya viazi, mimi nikakaa mbele ya kioo cha kunyolea, naye ananirushia bei bila kutoa notisi. Sukari. Mafuta ya taa. Nyama. Nilipozizoea za kweli akaanza za uongo, kiberiti elfu mbili, sindano ng'ombe mmoja, na kila nilipokunja uso Wanjiru alicheka mpaka akalia. Gichuki alikuja kutusaidia. Akanieleza siri yake: bei ikitajwa, peleka akili mahali pasipo na bei. Yeye alikuwa anafikiria namba za nyimbo za kanisani. Mimi nilichagua ukuta wa ofisi ya chifu. Ni ukuta mpana, umepakwa rangi ya kijivu, haujawahi kumwambia mtu kitu.

Niliporudi sokoni niliwakusanya akina mama kabla ya kuuliza lolote. Niliwashukuru, kisha nikawaeleza kwamba bei wanayoniambia inakwenda Nairobi, na mtu akiketi kupanga mishahara au msaada wa njaa, anaitazama. Wakinihurumia mimi, nchi itaamini kwamba Nyeri hawahitaji kuhurumiwa. Wakalielewa mara moja. Mama Njoki akauliza kama kabeji yake inafika mbali hivyo kweli, nikasema inafika, akaipangusa vumbi. Tukakubaliana kwamba nitapewa bei ya mama wa hoteli. Na mimi nikaacha kununua kimoja kimoja. Nilikuwa nasubiri mtu mwingine afungue, ndipo naingia. Ninyi vijana fanyeni hivyohivyo. Kufika mapema sana katika kazi hii si sifa.

Miaka ilipita, na ukuta wa chifu ukanizoea. Sukari ilipotea nikabaki mkavu. Mafuta yalipanda mara ngapi sijui, nikaandika tu. Shida ni kwamba uso haujui saa za kazi zimekwisha. Wanjiru alipoposwa, wakwe walikuja kutoka Kerugoya na msemaji wao akataja mbuzi walio tayari kutoa. Nilifurahi, kwa kweli nilifurahi sana, lakini uso ulikaa. Wakanong'onezana, wakaongeza mbuzi. Nikakaa. Wakaongeza blanketi na tangi la maji. Mzee wetu wa mazungumzo alinifinya mguu chini ya meza, akifikiri nina mpango mkubwa. Mpaka leo wakwe wale wakiniona wanasimama.

Hilo lilichekesha. La mjukuu halikuchekesha. Wanjiru alipotuletea mtoto wake wa kwanza, aliniwekea mikononi, na furaha ikanijaa. Nyambura alikuwa ananitazama.

"Baba Wanjiru," akasema, "si ungefurahi hata kidogo?"

Nilimwambia nimefurahi. Akasema haya, lakini akaenda jikoni, na nilisikia akiweka sufuria chini kwa upole, kitu ambacho huwa hafanyi akiwa sawa. Alikuwa amenifundisha yeye mwenyewe kwa mdomo wake, kiberiti elfu mbili, na sasa hakuwa na njia ya kujua kama chakula kimenipendeza, au kama naumwa, au kama nimemkumbuka. Jambo hilo liliniuma, na sikujua niliuachia wapi ule uso mwingine.

Nikastaafu. Mlinikatia keki, mkasema maneno mazuri, na mmoja wenu alisema baadaye kwamba sikuonekana kuguswa. Niliguswa, mwanangu. Kesho yake nikawatazama kuku, na wiki iliyofuata, siku ya soko, Nyambura alinituma kabeji ili kuku wapumue.

Mama Njoki bado yuko langoni. Siku hizi ameketi juu ya kigoda na sweta zimekuwa tatu, lakini sauti haijapungua. Nikamsalimia, nikauliza kabeji ni pesa ngapi. Akasema mia moja na hamsini. Nikatoa pesa mfukoni. Hakuzipokea.

"Karani, hiyo ni bei ya kuanzia," akasema. "Sasa wewe kunja uso, mimi nipunguze."

Hapo niligundua jambo la aibu. Maisha yangu yote nimeuliza bei, na sijui kupatana. Mwenye kuandika bei hapatani, anaandika. Nilijaribu kukunja uso kwa makusudi, nikakaza huku, nikalegeza kule, na mama wa nyanya akauliza kama nimepata kiharusi. Mama Njoki akaona hili ni jambo la kusaidiwa. Akapandisha. Mia mbili. Mia tano. Wakaanza kuja kutazama. Elfu moja. Mama wa vitunguu akapendekeza ng'ombe. Mimi nilisimama na ukuta wangu wa chifu, na kadiri walivyopandisha ndivyo nilivyozidi kutulia, maana kwa Nyambura nilikuwa nimezoea makubwa zaidi. Mwishowe Mama Njoki alichoka. Aliinama, akachagua kabeji nzito, akaishika kwa mikono miwili na kuniambia polepole, bila mchezo.

"Ukweli ni themanini na tano, Karani. Mvua imekataa tena, na mimi mwenyewe nimeuziwa sabini."

Themanini na tano. Hakuna mahali pa kuiandika. Haikuwa ya Nairobi, haikuwa ya kapu, ilikuwa ya mfukoni mwangu na ya sufuria ya Nyambura. Nikasikia nyusi zikisogea, taratibu, kama mlango uliokaa sana bila kufunguliwa. Midomo ikaenda upande. Kitu kikatoka puani.

Akina mama walipiga makofi. Mama Njoki alifuta macho kwa ncha ya kitambaa, akanipunguzia mpaka themanini, na akasema hiyo si huruma, hiyo ni biashara. Nikalipa, nikaipakata kabeji nikapanda boda boda hadi Giakanja, na njia nzima nilikuwa najishika uso kuhakikisha bado uko.

Nyambura alikuwa uani akiwarushia kuku mahindi. Nilimkabidhi kabeji, nikafungua mdomo nimweleze bei, nyusi zikanitangulia. Hakuitazama kabeji. Alinitazama mimi, akaweka chini bakuli la mahindi, akaweka kiganja chake kwenye ndevu zangu ambazo sikuwa nimezinyoa.

"Imepanda," akasema.